Ripoti ya Eko Isiishie kwenye EF: Atiria Nayo Ipimwe

Mgonjwa anayetoka katika chumba cha kipimo cha eko huwa na swali moja: moyo wake unafanya kazi sawasawa? Jibu analopewa mara nyingi ni namba moja tu. Namba hiyo huitwa EF, yaani asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kushoto huisukuma nje katika kila pigo, kati ya damu yote iliyokuwamo kabla ya pigo. Ikiwa ni 30, daktari hukunja uso. Ikiwa ni 60, mgonjwa huambiwa kwamba moyo wake ni mzima, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Hata hivyo, wapo wanaorudi nyumbani na EF ya 60 huku wakishindwa kupanda ngazi, wakilala kwa kuegemea mito mitatu, na kuamka usiku wa manane kutafuta dirisha wapate hewa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, namba imesema kweli, lakini haijaisema kweli yote.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba kila ripoti ya eko ya mgonjwa mwenye tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi, au anayeshukiwa kuwa nalo, inapaswa kueleza hali ya atiria, hasa ile ya kushoto: ukubwa wake, utendaji wake na mdundo wake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inawezekana kwa mashine zilizopo leo katika hospitali nyingi za rufaa. Kinachohitajika zaidi ni mazoea mapya.

Ukumbi wa moyo

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya chini, ventrikali, husukuma damu kwenda mapafuni na mwilini. Viwili vya juu, atiria, huipokea damu inayorudi. Neno atiria limetoka katika Kilatini, ambako lilikuwa jina la ukumbi wa nyumba ya Kirumi, mahali pa kumpokea mgeni kabla hajaingia ndani. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, picha iliyo karibu ni ya nyumba yenye baraza, ukumbi na chumba cha ndani. Wageni hufikia barazani, wakaingia ukumbini, kisha wakakaribishwa ndani. Chumba cha ndani kikiwa hakina nafasi, au mlango wake ukiwa mzito kufunguka, wageni hurundikana ukumbini. Ukumbi nao ukijaa, foleni hurudi hadi barazani. Kwa upande wa kushoto wa moyo, chumba cha ndani ni ventrikali, mlango ni valvu ya mitra, ukumbi ni atiria, na baraza ni mapafu. Foleni inapofika mapafuni, ndipo mgonjwa anapokosa pumzi.

Atiria ya kushoto hufanya kazi tatu ndani ya pigo moja. Ya kwanza ni kuhifadhi: ventrikali inapokaza na valvu ya mitra ikiwa imefungwa, atiria hunyumbuka na kuipokea damu itokayo mapafuni. Ya pili ni kupitisha: valvu inapofunguka, damu hutiririka kutoka vena za mapafu hadi ventrikalini, atiria ikiwa kama mfereji. Ya tatu ni kusukuma: kabla tu ventrikali haijaanza pigo jingine, atiria hukaza na kuongeza damu ya mwisho. Katika moyo wenye afya, msukumo huo wa mwisho huchangia takribani asilimia 15 hadi 30 ya damu inayojaza ventrikali. Katika moyo uliokakamaa, ventrikali huutegemea msukumo huo kuliko kawaida. Kwa hiyo, siku atiria inapoacha kukaza na kuanza kutetema bila mpangilio, mtu aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu anaweza kujikuta hospitalini akisaidiwa kwa oksijeni.

Atiria pia ni tezi. Mwaka 1981, Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada waliwadunga panya dondoo iliyotokana na tishu za atiria, wakaona panya hao wakitoa mkojo na chumvi kwa wingi. Ilibainika kwamba atiria inaponyumbuliwa na damu iliyozidi, hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze maji na chumvi. Chumba kilichodhaniwa kuwa cha kupitia tu kinapima mzigo wa moyo na kutoa taarifa kwa mwili mzima. Ni ajabu kwamba chumba hicho chenye kutoa taarifa hakiulizwi chochote katika ripoti nyingi.

Kwa nini EF haitoshi

EF ilipata heshima yake kwa sababu za haki. Ni rahisi kuieleza, na majaribio makubwa ya dawa za moyo yaliitumia kuchagua wagonjwa. Hata leo, mwongozo wa tiba hugawa wagonjwa kwa kuitazama: walio na asilimia 40 au chini yake, walio kati ya 41 na 49, na walio na 50 au zaidi. Lakini EF hupima kutoka kwa damu. Haielezi damu imeingiaje, wala kwa shinikizo gani. Ventrikali iliyonenepa kuta kwa miaka mingi ya presha isiyodhibitiwa inaweza kusukuma asilimia 60 ya damu yake bila shida, lakini ikakataa kulegea na kupokea nyingine. Ili ijae, shinikizo lazima lipande, na anayelibeba shinikizo hilo ni atiria.

Ukuta wa atiria ni mwembamba. Kila valvu ya mitra inapofunguka, atiria na ventrikali huwa kama chumba kimoja, na shinikizo la chini hupanda moja kwa moja juu. Miezi na miaka ikipita, atiria hutanuka. Ndiyo maana wataalamu wamezoea kuufananisha ujazo wa atiria na kipimo cha HbA1c kwa mgonjwa wa kisukari. Sukari ya asubuhi hueleza hali ya asubuhi hiyo. HbA1c hueleza miezi iliyopita. Vivyo hivyo, vipimo vya mwendo wa damu kwa Dopla hueleza shinikizo la saa ile mgonjwa amelala kitandani, pengine akiwa amekwisha kumeza dawa ya kupunguza maji. Ukubwa wa atiria hueleza mzigo uliobebwa kwa muda mrefu. Dalili ya mvua ni mawingu, na atiria iliyotanuka ni wingu lisilopaswa kupuuzwa hata kama siku ya kipimo jua linawaka.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Katika utafiti wa TaHeF uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kufanya kazi walichunguzwa. Shinikizo la juu la damu lilikuwa chanzo kwa asilimia 45 yao, ugonjwa wa valvu utokanao na homa ya rumatiki kwa asilimia 12, na kuziba kwa mishipa ya moyo kwa asilimia 9 tu. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, yaani watu ambao bado wanalima, wanafundisha, wanafanya biashara na kulea. Presha hukakamaza ventrikali, na atiria hulipa gharama. Rumatiki huibana valvu ya mitra, na atiria ndiyo inayoumia kwanza, huku ventrikali iliyo mbele ya mlango uliobanwa ikiweza kubaki na EF nzuri kwa miaka.

Upo pia ugonjwa uliotambuliwa katika ukanda huu huu. Mwaka 1948, J. N. P. Davies, mwanapatholojia aliyefanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa wa makovu ya ndani ya moyo ambao baadaye ulijulikana duniani kote. Makovu hayo huziba sehemu ya chini ya ventrikali, chumba kikawa kidogo, na atiria zikavimba kupita kiasi. Mgonjwa hujaa maji tumboni, ilhali EF yake inaweza kuonekana ya kawaida. Daktari anayetazama ventrikali peke yake anaweza kumwambia mgonjwa huyo kwamba tatizo lake ni la ini.

Kuna hatari nyingine isiyosubiri: kiharusi. Atiria iliyotanuka ni udongo wenye rutuba kwa mtetemo usio na mpangilio, na katika atiria inayotetema damu hutuama na kuganda. Utafiti wa muda mrefu wa Framingham nchini Marekani ulionyesha kwamba mtetemo huo huongeza hatari ya kiharusi takribani mara 5, na ukiambatana na ugonjwa wa valvu wa rumatiki, takribani mara 17. Maneno "atiria ya kushoto imetanuka sana" yanapoandikwa katika ripoti, yanamtaka daktari ashike mkono wa mgonjwa na kusikiliza mapigo, aagize kipimo cha umeme wa moyo, na aamue juu ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Hata uchaguzi wa dawa hutegemea alichoonyesha mtaalamu wa eko. Jaribio la INVICTUS, lililochapishwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mtetemo wa atiria, dawa za kundi la warfarini ziliwalinda vizuri kuliko rivaroksabani.

Nini kipimwe

Historia ya kipimo chenyewe inafundisha. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walielekeza mawimbi sauti kwenye moyo wa binadamu kwa mtambo uliokusudiwa kukagua nyufa katika chuma, wa aina ambayo Hertz aliwahi kuiazima kutoka karakana ya meli mjini Malmö. Edler alikuwa akitafuta njia ya kuwatambua wagonjwa wenye valvu ya mitra iliyobana. Mwangwi aliouona mwanzoni alidhani unatoka kwenye ukuta wa atiria ya kushoto. Baadaye alithibitisha kwamba ulikuwa wa jani la mbele la valvu ya mitra. Kwa hiyo, eko ilizaliwa ikiwa imeelekea atiria na mlango wake. Kuirudisha huko ni kuikumbusha kazi yake ya kwanza.

Kipimo cha msingi ni ujazo wa atiria ya kushoto. Wapimaji wengi bado huandika upana wake kwa mstari mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma. Mstari huo hudanganya, kwa sababu atiria haitanuki sawasawa pande zote. Nafasi ya mbele na nyuma imebanwa kati ya mfupa wa kifua na uti wa mgongo, hivyo chumba hukua kwa urefu na kwa ubavu. Njia inayopendekezwa ni kuchora mpaka wa atiria katika picha mbili zinazochukuliwa kutoka ncha ya moyo, ya vyumba vinne na ya vyumba viwili, mwishoni mwa kukaza kwa ventrikali, kabla tu valvu ya mitra haijafunguka. Mashine hukokotoa ujazo, nao hugawanywa kwa eneo la uso wa mwili. Kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2015 wa vyama vya wataalamu wa eko wa Marekani na Ulaya, kikomo cha kawaida ni mililita 34 kwa mita moja ya mraba, na zaidi ya 48 ni kutanuka kukubwa. Mpimaji makini huacha nje vena za mapafu na kijifuko cha pembeni cha atiria, na huhakikisha urefu wa atiria katika picha hizo mbili hautofautiani kwa zaidi ya milimita 5. Ukitofautiana zaidi, picha imekatwa vibaya, nayo irudiwe.

Cha pili ni Dopla: kasi ya damu inayoingia ventrikalini, kasi ya msogeo wa misuli karibu na valvu ya mitra, na kasi ya damu inayovuja kwenye valvu ya trikaspidi. Vipimo hivi vikisomwa pamoja na ujazo wa atiria, hutoa picha ya shinikizo la ndani ya moyo bila kuingiza mrija mwilini. Hakuna kimoja kinachotosha peke yake.

Cha tatu, kilicho kipya zaidi, ni mnyumbuko wa atiria. Programu ya kompyuta hufuata vidoa vya asili vinavyoonekana ndani ya picha ya misuli, fremu kwa fremu, na kukokotoa ni kwa asilimia ngapi ukuta wa atiria umerefuka wakati wa kuhifadhi damu. Kwa watu wenye afya, wastani ni karibu asilimia 39, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Unaposhuka chini ya 18 kwa mgonjwa mwenye mdundo wa kawaida, shaka ya kwamba shinikizo la ndani limepanda huwa kubwa. Faida yake ni kwamba mnyumbuko unaweza kupungua kabla ujazo haujaongezeka. Atiria hukakamaa kwanza, kisha hutanuka. Mwaka 2018, vyama vya kitaalamu vilichapisha maelekezo ya pamoja ya namna ya kuupima, ili namba ya hospitali moja iweze kulinganishwa na ya nyingine.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Foleni ni ndefu, wapimaji ni wachache, na mashine yenye programu ya mnyumbuko haipo kila mahali. Pingamizi hili lina ukweli, na ndiyo sababu mpangilio wa vipaumbele ni muhimu. Mnyumbuko unaweza kusubiri, ujazo hausubiri. Kuchora atiria katika picha mbili ambazo mpimaji ameshazichukua kwa ajili ya EF huongeza dakika chache tu. Mashine ikiwa ndogo kiasi cha kutokuwa na hesabu hiyo, jicho lililofunzwa bado laweza kuandika "atiria ya kushoto ni kubwa" na kumpeleka mgonjwa mbele. Nchini Rwanda, wauguzi wa kliniki za magonjwa yasiyoambukiza katika hospitali za wilaya wamefunzwa eko rahisi ya kutenganisha aina kuu za moyo kushindwa kufanya kazi. Nchini Uganda, wauguzi wamefunzwa kutumia mashine za mkononi kutafuta ugonjwa wa rumatiki kwa watoto. Kama hayo yamewezekana, kuitazama atiria hakuwezi kuitwa anasa.

Wengine watasema kwamba atiria kubwa si ushahidi wa moyo kushindwa. Hilo ni kweli tupu. Atiria hutanuka kwa mwanariadha, kwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, kwa mwenye mapigo ya polepole sana, na kwa mwenye valvu ya mitra inayovuja. Mtetemo wa muda mrefu nao huitanua hata kama ventrikali ni nzima. Katika nchi ambako upungufu wa damu umeenea, mpimaji asiyejua kiwango cha hemoglobini cha mgonjwa wake anaweza kupotoka. Tiba ya kasoro hiyo ni kuisoma namba pamoja na historia ya mgonjwa. Kutoipima hakumwondolei daktari hatari ya kukosea. Humwondolea tu nafasi ya kugundua kwamba amekosea.

Pingamizi zito zaidi lilikuwa hili: kuna faida gani kumtambua mgonjwa mwenye EF nzuri ikiwa hakuna dawa ya kumsaidia? Kwa miaka mingi hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Leo imedhoofika. Majaribio ya EMPEROR-Preserved la mwaka 2021 na DELIVER la mwaka 2022 yalionyesha kwamba empagliflozini na dapagliflozini, dawa zilizoanza kama za kisukari, hupunguza kulazwa kwa wagonjwa wa moyo wenye EF iliyozidi asilimia 40, hata wale wasio na kisukari. Zaidi ya hayo, presha inatibika, uzito unapungua, maji yaliyozidi yanaondolewa, na kiharusi kinazuilika. Yote hayo huanza kwa kumwamini mgonjwa anayesema hana pumzi.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa mtaalamu wa eko, mabadiliko yanaweza kuanza na fomu. Ripoti yenye nafasi ya ujazo wa atiria, mdundo wa siku ya kipimo, na sentensi moja ya tafsiri, itajazwa. Isiyo na nafasi hiyo haitajazwa. Kwa mgonjwa mwenye mtetemo, mapigo kadhaa yapimwe na wastani uandikwe. Kwa daktari wa hospitali ya wilaya anayepokea ripoti, EF ya kawaida isifunge jalada la mgonjwa mwenye dalili. Kwa muuguzi wa zahanati asiye na mashine yoyote, vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono kwa dakika moja nzima vinaweza kugundua mapigo yasiyo na mpangilio kabla kiharusi hakijagundua kwa niaba yake.

Kwa mgonjwa na familia yake, wajibu ni mwepisi lakini una maana. Ripoti za eko zitunzwe pamoja na kuletwa kila kliniki, kwa kuwa ukubwa wa atiria wa mwaka huu husema zaidi ukilinganishwa na wa mwaka uliopita. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Daktari, vyumba vya juu vya moyo wangu vikoje? Mdundo wangu ni wa kawaida?" Mtu anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu anajisikia vizuri, kwani presha huikakamaza ventrikali na kuitanua atiria kwa miaka mingi bila maumivu. Na mtu mwenye dalili za kukosa pumzi, kuvimba miguu au kushindwa kulala chali asikubali kuaga kliniki kwa faraja ya namba moja.

Hakuna asemaye EF itupwe. Itabaki kuwa nguzo ya uchunguzi, na kwa mgonjwa mwenye ventrikali dhaifu ndiyo inayoelekeza tiba. Lakini nyumba haikaguliwi kwa chumba kimoja. Mgonjwa aliyefunga safari kutoka kijijini, akalipia kipimo na kusubiri foleni tangu alfajiri, anastahili ripoti iliyofungua mlango wa ukumbi na kutazama ndani. Dakika hizo chache ndizo zinazoweza kumtenganisha mtu anayerudi nyumbani na dawa sahihi na mtu anayerudishwa kwa machela, mkono mmoja ukiwa hausogei.